Shukrani Iliyofika Kabla ya Matokeo

Kila asubuhi kuna mtu mtandaoni anakuamrisha uandike vitu vitatu unavyoshukuru. Umeamka, una chai, jua limetoka. Mimi hizo posti nazipita. Shukrani ninayoijua ilibebwa kichwani na kina mama watano, ikapita kwenye geti la chuo Jumatano saa nne asubuhi, na kabla jua halijazama binti wa watu alikuwa amezuiliwa matokeo yake yote. Hiyo ndiyo naisimulia. Wenyewe wameniruhusu, kwa hiyo msianze kuniuliza kwenye komenti.

Anaitwa Valeria. Ana miaka arobaini na sita, amezaliwa Muyama, wazazi wake wakulima, na anafundisha saikolojia ya elimu kwenye chuo kikuu kimoja chenye tawi Kasulu. Jina la chuo naliacha. Wanafunzi wanamwita Madam, na wanamwogopa kidogo, kwa sababu ukimwandikia insha ya kukopi anakuita ofisini anakwambia uisome kwa sauti mbele yake, neno kwa neno, mpaka uone aibu mwenyewe.

Mwaka juzi mwezi wa nne, katikati ya kipindi, mwanafunzi wake mmoja wa mwaka wa tatu akaanguka. Dorcas, mtoto wa Kagerankanda, kimya, anakaa mstari wa pili. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Wakamkimbiza hospitali, akapasuliwa, siku ya tano akaruhusiwa. Aende wapi sasa? Chumba alichopanga walikuwa wanalala wanne, choo kiko nyuma ya nyumba ya tatu, na mvua za Kasulu za Aprili mnazijua. Mama yake angekuja, lakini daraja la huko kwao lilikuwa limezolewa na maji, hakuna gari inayopita.

Madam akamchukua kwake Murubona. Wiki tatu. Alimpikia uji, alimwosha kidonda, alimlaza kitandani kwake, yeye akalala kwenye kochi. Siku ya jaribio la somo alimpeleka chuoni kwa bodaboda, Dorcas katikati, Madam nyuma amemkumbatia, anamwambia dereva, "We kijana, ukiruka tuta hata moja tutaonana polisi."

Mama yake Dorcas anaitwa Asnath. Alipiga simu mara moja tu wakati ule, kwa simu ya dukani. Akasema, "Madam, nitakuja kukushukuru."

Madam akajibu kama ambavyo wewe na mimi tungejibu. "Hamna shida, mama."

Hapo ndipo penye kosa, kama kuna kosa. Madam ni Muha, alijua kabisa maneno yale si salamu za kumalizia simu. Kwa watu wa umri wa Mama Asnath, kushukuru ni safari. Unasubiri mazao yatoke, unaita ndugu na majirani, mnavaa vitenge vizuri, mnabeba, mnaenda. Asante ya mdomo anapewa konda akikurudishia chenji. Mtu aliyekurudishia mtoto akiwa hai humfuati mikono mitupu. Na Mama Asnath mwezi wa nne alikuwa hana kitu, maharage ndiyo kwanza yalikuwa shambani.

Maharage yakakomaa Juni. Yakavunwa, yakaanikwa, yakapigwa. Julai yakawa tayari.

Na Julai chuo kiko wapi? Mitihani imeisha wiki iliyopita. Walimu wanasahihisha. Mtahini wa nje ametoka makao makuu kuja kukagua karatasi. Ndiyo wiki ambayo hata mwanafunzi akikusalimia kwa uchangamfu unaangalia nyuma nani amekuona. Kalenda ya maharage na kalenda ya chuo hazikupangwa na mtu mmoja.

Mama Asnath na jirani zake wanne wakafika getini, wameshuka kwenye mchomoko, gari moja dogo limewabeba wote watano na mizigo. Mlinzi zamu ile alikuwa Reverien. Wakachuchumaa, wakapiga makofi ya salamu.

"Mwakeye!"

"Mwakeye, mama zangu. Mnaenda harusini? Harusi hapa hakuna."

"Tunakwenda kwa mwalimu," Mama Asnath akasema.

"Mwalimu gani? Walimu humu ni wengi kama kuku."

"Aliyemlaza mwanangu nyumbani kwake."

"Aaa, Madam Valeria. Na hivyo vyote vyake?"

"Vyote. Na huyu jogoo usimshike miguu hivyo, anaumia."

Reverien akafungua daftari la getini akaandika kama alivyofundishwa. Mzazi wa Dorcas, mwanafunzi mwaka wa tatu. Maharage madebe mawili, ndizi mkungu mmoja, jogoo mmoja. Vinakwenda kwa Madam Valeria. Na saa. Mimi ningeandika "wageni watano" nikafunga daftari. Ila mimi si Reverien, na Reverien hajawahi kupata onyo miaka tisa.

Wakakatiza uwanja wa chuo kwa mstari, mizigo kichwani, wanaimba taratibu. Walipita chini ya dirisha la chumba cha mikutano ambako mtahini wa nje alikuwa anakunywa chai na Dokta Castory, mkuu wa tawi, mtu wa kuja kutoka Songea. Jogoo akawika kwenye korido. Mtahini akauliza, "Hapa mnafuga?"

Madam aliwaona kupitia dirisha la ofisi yake. Mezani palikuwa na rundo la karatasi za mtihani, na ya Dorcas ilikuwa tayari imesahihishwa. Sabini na nane. Aliniambia alifikiria kufunga mlango kwa ufunguo akae kimya ndani. Nikamuuliza kwa nini hakufunga.

"Ningefungaje? Wamesafiri na mizigo toka Kagerankanda, wameibeba vichwani mbele ya watu wote. Ukikataa shukrani ya mtu wa namna hiyo, umemwambia ni bora mwanao angekufa."

Basi akatoka. Akapiga magoti kwenye korido, akapiga makofi, akapokea. Wakamkumbatia. Akamnong'oneza Mama Asnath, "Mama, si ungenipigia, ungevileta nyumbani?"

"Nyumbani kwako sikujui," mama akasema, na hakunong'ona. "Mwanangu nilimkabidhi hapa. Nije nikushukuru uchochoroni kama mwizi?"

Jibu hilo mimi sijapata la kulipinga mpaka leo.

Mchana ule ule barua ya kuzuia matokeo ya Dorcas ikatoka. Sheria ya chuo ni fupi. Mwanafunzi, au ndugu yake, akimpa mwalimu kitu chochote kabla matokeo hayajatangazwa, hiyo ni hongo, mwanafunzi anafukuzwa. Isipokuwa mwalimu awe ndiye aliyeomba. Hapo mwanafunzi anahesabiwa ameonewa, karatasi yake inasahihishwa upya na mtu mwingine, maisha yanaendelea, na mwalimu ndiye anayekiona. Sheria haiulizi ulimpa kwa nini. Maharage na ndizi vikafungiwa stoo kama ushahidi. Jogoo naye ushahidi, akafungwa kamba nyuma ya kibanda cha Reverien, na Reverien akawa anamlisha mabaki ya ugali wake.

Dorcas alijua kupitia ubao wa matangazo, jina lake limepigiwa mstari mwekundu. Akaja ofisini mbio.

"Madam, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Sasa mbona nadisko?"

"Hujafukuzwa bado. Kaa chini."

"Mama ameniambia alikuja. Nikamwambia mama, umeniua. Akasema nimekuua vipi na mimi nimekuja kushukuru kwamba hukufa?" Dorcas akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Nimpigie nimwambie nini, Madam? Hataelewa. Nikimwelewesha ndiyo atakufa yeye."

Binti huyu ni wa kwanza kwao kuvuka kidato cha nne. Alikuwa amebakiza matokeo tu. Siku mbili Madam alizunguka ofisi za watu. Alimwendea Dokta Castory, akamweleza kidonda, uji, kochi, daraja lililozolewa. Dokta alimsikiliza vizuri, akamwagizia na chai.

"Madam, mimi nakuamini," akasema. "Mimi sina tatizo na wewe. Nina tatizo na daftari la getini. Mtahini amelipiga picha."

"Sasa nifanye nini?"

"Ungekuwa wewe mkuu wa tawi ungefanyaje?"

Madam akainuka akarudi kwake. Usiku hakulala, asubuhi akaandika barua kwa mkono wake. Kwamba yeye, Valeria, ndiye aliyemwomba mzazi alete maharage, ndizi na jogoo. Kwamba mwanafunzi hakujua. Akasaini.

Kabla hajaipeleka alimwita Dorcas akamwambia.

"Watakufukuza, Madam."

"Mimi nimefanya kazi miaka ishirini. Wewe hujafanya hata siku moja. Wewe nyamaza tu, hicho ndicho nakuomba. Na kwenye kikao cha kamati ya nidhamu mama asiwepo."

Kwenye kikao mama alikuwepo. Kamati ilimwita kama shahidi, na alifurahi kuitwa. Alivaa kitenge kile kile. Alidhani chuo kimesikia habari ya mwanawe kupona, na wakubwa wanataka kuisikia kutoka kwake. Walikaa watu sita mezani, Dokta Castory katikati, Madam pembeni, Dorcas nje kwenye benchi. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, kwa hiyo Dorcas aliona na kusikia yote, na mimi nimeyapata kwake.

"Mama," Dokta akaanza, "huyu Madam alikuomba umletee maharage?"

"Aniombe? Kwani ana njaa?"

Watu wakacheka kidogo.

"Jibu tu, mama. Alikuomba au hakukuomba?"

"Hakuniomba. Nilileta mwenyewe. Na nikipata mbuzi nitaleta."

"Ulileta ili mtoto afaulu?"

"Afaulu nini tena? Mtoto amepona."

"Mama, subiri." Dokta akainua karatasi. "Hapa Madam ameandika mwenyewe kwamba alikuomba. Nani mkweli?"

Mama Asnath akageuka akamwangalia Madam. Dorcas nje akasimama.

"Madam. Umeandika hivyo?"

Madam akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nimelima yale maharage nikiwa nahesabu siku. Jirani zangu wamebeba bure kwa sababu nimewaambia kuna mtu wa maana anamsomesha Dorcas. Leo unawaambia hawa ulinidai? Kwamba mimi nilitumwa?" Akaanza kulia. "Unajisingizia mbele za watu kwa ajili ya maharage, Madam? Ni maharage tu."

Mmoja wa wajumbe akaweka kalamu chini akasema hiyo habari ya kuomba imekwisha, hapa kuna barua ya uongo.

Najua mnachotaka kuniuliza. Hakuna mtu hata mmoja mle ndani aliyetambua kwamba maelezo ya mama, kwamba ilikuwa shukrani tu ya mtoto kupona, yangetosha kumwachia Dorcas hata kama sheria haiulizi kwa nini? Walitambua. Ndiyo maana hakufukuzwa. Walimhurumia, na huruma yao ilikuja hivi: matokeo ya muhula wote yafutwe, asimamishwe mpaka muhula kama huo wa mwaka unaofuata, arudi afanye upya. Madam kwa barua yake ahamishiwe kituo cha Kibondo, kwa miaka miwili asitunge mtihani wala kusahihisha, na asipokee kitu chochote kutoka kwa mwanafunzi, aliyewahi kuwa mwanafunzi, au mzazi. Sabini na nane ikafutwa pamoja na mengine yote.

Mimi nilimkuta Kibondo. Kituo chenyewe ni vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Khamisi, ukifundisha unasikia mabati yanashushwa. Wanafunzi wake ni watu wazima, walimu wa msingi, manesi, karani mmoja, wanakuja jioni na Jumamosi. Nilikwenda kwa jeuri kidogo. Nilitaka aniambie chuo ni wapuuzi ili niandike hivyo. Mimi chuo sijakanyaga, nimejisomea kwenye simu, sina wa kumwogopa huko.

"Usiandike hivyo," akasema. "Andika ilivyokuwa."

"Na wewe unashukuru nini, Madam, na haya yote?"

"Nina chaki," akasema. Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania.

Nilikaa naye siku tatu nikaona anavyoishi. Alikuwa anaogopa vitu vidogo. Karani alimpa chungwa, akalirudisha mezani kwake kama limemuunguza. Mvua ilitukuta njiani, nesi mmoja, Swaumu, akamkaribisha chini ya mwavuli, Madam akaanza kukimbia kwenye matope na viatu vyake vya kazini, Swaumu anamfuata na mwavuli, anaita, "Madam, ni mvua tu jamani! Simpi mtu hongo ya mvua!" Tulicheka sote watatu. Yeye alicheka mpaka akajishika ukuta, na alipomaliza kucheka uso wake haukurudi vizuri.

Swaumu huyo huyo Jumamosi alikuja darasani ametoka zamu, akakaa, dakika kumi amelala kichwa mezani. Nikasubiri Madam amgonge. Akashusha sauti. Akafundisha saa nzima kwa kunong'ona, na watu wazima kumi na mmoja wakainama mbele wamsikie, mabati yanagonga nje.

"Angeweza kwenda kulala kwake," akaniambia baadaye. "Amekuja kulala hapa."

Basi hivyo ndivyo alivyo. Ukitaka vitu vitatu vyake vya asubuhi, vipo, nimeviona. Ila havimsaidii na Dorcas, na Dorcas ndiye anayemnyima usingizi. Mwaka mzima hakuruhusiwa kumsaidia. Asimtumie notsi, kwa sababu itaonekana. Asimpigie, kwa sababu itaonekana. Dorcas mwaka ule alijitolea kufundisha shule moja Titye, akarudi Kasulu, akasoma peke yake akiwa na watu asiowajua, akafanya mtihani wa somo la Madam uliotungwa na mtu mwingine. Madam alijua tarehe. Siku ile alifundisha kama kawaida, wanafunzi wakamwambia ameandika ubaoni tarehe ya mwaka uliopita.

Matokeo yalitoka mwaka jana Septemba, siku yangu ya tatu pale. Tulikuwa barazani kabla ya kipindi cha jioni, wanafunzi wameanza kuingia. Madam hakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa matokeo, na bando lilikuwa langu. Dorcas alinitumia mimi picha. Nikampa simu.

Somo la saikolojia ya elimu: C.

Masomo mengine yote amepita, hana sapu hata moja ya kurudia. Anamaliza. Madam aliangalia ile C muda mrefu. Ni yeye na ile karatasi iliyofutwa tu wanaojua ilikuwa sabini na nane, na hatakiwi kusema. Kwa maandishi haya nimesema mimi, wanifuate.

"Amepita," akasema. "Amepita, si ndiyo? Hapo chini hakuna kitu kingine?"

"Hakuna kingine. Amepita."

Akanirudishia simu, akajifuta uso na kiganja chenye chaki. Hapo simu yake ikaita. Namba ngeni, ya dukani. Katika kupokea akabonyeza spika bila kutaka.

"Madam." Sauti ya mama. Walikuwa hawajaongea tangu kikao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto amepita."

"Nimeona, mama."

"Nilikukasirikia sana."

"Najua."

"Dorcas amenieleza ulikuwa unafanya nini na ile barua. Imenichukua mwaka kuelewa. Mimi sijasoma. Sasa nataka kujua. Sasa naruhusiwa? Matokeo yametoka. Mahindi yapo, na mbuzi yupo, niliyesema nitaleta."

Madam akafumba macho. "Bado, mama. Mimi nina barua ya kamati. Bado miezi kumi."

"Miezi kumi."

"Ndiyo, mama. Hata chungwa sipokei."

"Hata nikija usiku nyumbani?"

"Mama, wewe ulisema hutaki kuja kama mwizi."

Kule dukani kukasikika mtu anauliza bei ya sabuni, mama akamwambia asubiri.

"Na kwa mdomo?" akauliza.

"Kwa mdomo unaruhusiwa."

Madam aliishika ile simu kwa mikono miwili. Mlangoni Swaumu alikuwa amesimama na daftari lake, ameona, hakuingilia.

"Kwa mdomo tu mimi siwezi, Madam," mama akasema. "Nikianza nitaona nimekutukana."

"Basi usiseme."

"Sasa nifanyeje?"

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Hawakukata. Wakabaki hewani wote wawili bila neno, nyuma ya mama watu wa dukani wanaongea Kiha, mpaka vocha ikaisha simu ikajikata yenyewe. Madam akaiangalia, akaiweka kwenye mkoba, akaingia kufundisha.